Pleya yangu inazima chaji ikiwa 40%, na waya wa C kwa C hauingizi chaji kabisa

SindanoNaUzi

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kabla sijanunua betri ambayo pengine haihitajiki.

Nina pleya ndogo ya muziki, ile ya vitufe pembeni na skrini ya vidole vitatu. Inatumia memori kadi (nimeweka ya GB 128), ina Bluetooth, na tundu lake la chaja ni USB ya aina ya C. Mimi ni mshonaji. Mchana kutwa mikono iko kwenye kitambaa na macho yako kwenye sindano, kwa hiyo simu naiacha iwe ya wateja, masikio nayapa pleya. Kitufe cha kuruka wimbo nakipapasa mfukoni bila kuangalia. Ndiyo maana jibu la "tumia simu" halinisaidii. Nataka chombo hiki kipone.

Hali yake iko hivi. Inazima ghafla ikionyesha asilimia 40, siku nyingine 35. Mara nyingi ni pale ninapowasha skrini au ninapopandisha sauti nikiwa kwenye Bluetooth. Nikiiwasha inawaka, inasoma 38, inacheza wimbo mmoja au nusu, inazima tena. Nikichomeka chaja, papo hapo inasoma 45 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu kuna suala la waya. Nina chaja mpya ya simu yenye tundu la C, na waya wake ni C pande zote mbili. Nikiuchomeka kwenye pleya, kimya. Hakuna taa, hakuna alama ya betri. Waya huo huo na chaja hiyo hiyo vinachaji simu bila shida. Lakini nikichukua waya wa zamani, wenye kichwa kipana upande mmoja, nikauchomeka kwenye kompyuta, pleya inachaji.

La mwisho, usiku naizima ikiwa imejaa, asubuhi naikuta 70.

Kuna fundi aliiangalia kwa nje tu akasema mfumo wa chaji umekufa, nibadilishe bodi nzima. Sikuridhika, maana kwa waya wa zamani chaji inaingia. Pleya ina umri wa miaka minne hivi, haijaingia maji wala kuanguka vibaya. Ndugu yangu ana multimita, naweza kuiazima mkinielekeza nipime wapi. Natanguliza shukrani.


KandaNaSahani

Dada, hiyo betri imechoka. Jaribu kuimaliza chaji mpaka izime yenyewe, uijaze, uirudie hivyo mara kadhaa, itajinyoosha. Wengine huitoa betri wakailaza kwenye friza usiku kucha, asubuhi inaamka.


MkonoWaFundi

Dada SindanoNaUzi, pole. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoleta vyombo mezani kwangu, na kwa maelezo hayo naona hitilafu tatu zisizohusiana ambazo zimekutana ndani ya pleya moja. Ukizichukulia kuwa moja, utabadilisha betri na waya wa C utaendelea kukataa, au utabadilisha bodi na pleya itaendelea kuzima. Kwa hiyo tuzitenganishe.

Kwanza nimjibu ndugu KandaNaSahani, kwa heshima. Friza iachwe kabisa. Betri ikitoka kwenye baridi hushika unyevu, unyevu huo unaishia kwenye kibodi kidogo cha ulinzi kilichofichwa chini ya utepe wa njano, na ukiichaji ikiwa bado chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, lithiamu hujipaka juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake. Hapo betri inapungua uwezo moja kwa moja na usalama wake unashuka. Ushauri wa kumaliza chaji mara kwa mara ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli-kadimi, ambazo zilikuwa na tabia ya kukariri, yaani zikichajiwa kabla ya kuisha mara kwa mara zilizoea kiasi hicho na kupungua uwezo. Betri za lithiamu za kuchaji (lithiamu-ioni), zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, hazina tabia hiyo. Kuzimaliza mpaka mwisho kila mara kunazichosha zaidi.

Sasa pleya yako. Kabla hujachomeka kitu chochote tena, ilaze kwenye kioo au meza iliyonyooka, uiangalie ubavuni. Je, inabembea? Skrini imeinuka kwenye kona? Vitufe vimekuwa vigumu kubonyea, au mfuniko wa nyuma umepanda katikati? Ukiona lolote kati ya hayo, betri imevimba. Usiichaji, usiikandamize irudi chini, usiitoboe kutoa hewa. Rudi hapa useme, na mengine yote ninayoandika hapa chini yasubiri.

Ikiwa haijavimba, tuanze na waya, kwa sababu hilo ndilo lililompoteza fundi wako.

Kwenye tundu la C kuna pini mbili zinazoitwa CC1 na CC2. Chombo kinachopokea umeme kinatakiwa kiwe na rizista (kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kiloomu 5.1 kutoka kila pini hiyo kwenda graundi, yaani upande hasi. Chaja ya C haitoi volti 5 mpaka ihisi rizista hiyo upande wa pili. Isipoihisi, inaamini hakuna kilichochomekwa, nayo inakaa kimya. Pleya nyingi ndogo zilitengenezwa kwa kuchukua mchoro wa zamani wa micro USB na kubandika tundu la C bila kuongeza rizista hizo. Ndiyo maana waya wa A kwa C unafanya kazi: tundu pana la A linatoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Ugonjwa huu si wa pleya peke yake. Kompyuta ndogo ya bodi moja iitwayo Raspberry Pi 4 ilipotoka mwaka 2019, pini zote mbili ziliunganishwa kwenye rizista moja, ikawa inakataa umeme kupitia baadhi ya nyaya za C, na ikabidi bodi irekebishwe kwenye toleo lililofuata.

Kwa hiyo pleya yako ilizaliwa hivyo, haijaharibika. Endelea na waya wa A kwa C, kwenye chaja yoyote nzuri ya volti 5 yenye tundu pana. Kuna mafundi wanaoweza kulehemu rizista mbili ndogo nyuma ya tundu, lakini pini za C zimebanana kiasi kwamba mkono ukiteleza kidogo unapoteza tundu zima. Mimi nisingeifungua pleya inayochaji kwa sababu hiyo tu.

Kuzima kwenye asilimia 40 ndiko kunakonihusu zaidi. Tafadhali usiiamini asilimia. Pleya ndogo nyingi hazihesabu umeme ulioingia na kutoka, zinapima volti tu kisha zinakisia kwa jedwali lililoandikwa betri ikiwa mpya. Betri ya lithiamu iliyojaa inasimama kwenye volti 4.2, katikati ni kama 3.8, na pleya nyingi hujizima volti zikifika kati ya 3.3 na 3.4. Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani unapanda. Ni kama mtungi uliozibwa mdomo: maji yamo, ila ukiyataka mengi kwa mpigo hayatoki. Pleya ikitulia unaona volti 3.8, inaandika 40. Ukiwasha skrini na Bluetooth kwa pamoja, volti zinaporomoka kwa sekunde moja hadi chini ya mpaka, pleya inajizima. Ukiiwasha tena, volti zimesharudi juu. Ukichomeka chaja zinapanda zaidi, ndiyo hiyo 45 unayoiona.

Hayo ni makisio yangu mpaka upime. Azima hiyo multimita, iweke kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Fungua mfuniko wa nyuma ukiwa umeizima pleya, na ukiwa umeipunguza chaji iwe chini ya nusu. Tumia kadi ya plastiki kutenganisha mfuniko, usitumie bisibisi wala ncha ya mkasi, kwa maana betri ni mfuko laini wa foili na ukitobolewa unaweza kuwaka. Utaona nyaya nyekundu na nyeusi zinaingia kwenye plagi ndogo nyeupe kwenye bodi. Gusa kwa ncha za mita vyuma vya nyuma ya plagi, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na ncha mbili zisigusane. Niletee namba hizi: volti pleya ikiwa imezimwa kwenye hiyo 40, volti ikicheza kwa sauti huku skrini ikiwaka, na siku nyingine volti baada ya kujaa, waya umetolewa, imepumzika kama saa nzima.

Nisomee pia maandishi ya kwenye betri, na useme ina nyaya mbili au tatu.

Kuhusu chaji inayoliwa usiku: toa memori kadi kabla ya kuizima, ulale, uangalie asubuhi. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote.


Mtulivu

Nyongeza kwa wenye pleya inayokubali Rockbox, programu ya bure inayowekwa badala ya ile ya kiwandani: ina menyu ya Debug yenye sehemu ya kuangalia betri, na humo volti zinaandikwa moja kwa moja kwa namba. Unaweza kuona volti zinavyodondoka ukiwasha taa ya skrini, bila kufungua mfuniko. Kwa dada haitasaidia ikiwa pleya yake haimo kwenye orodha yao, ila wapo watakaosoma hapa wakafaidika.


SindanoNaUzi

Nimerudi, ndugu yangu MkonoWaFundi. Asante sana kwa kuchukua muda.

Haijavimba. Nimeilaza kwenye kioo imetulia, na nilipofungua betri iko bapa kabisa, haina harufu.

Namba zenyewe ni hizi. Imezimwa, ilipokuwa inasoma 40: volti 3.80. Nikacheza wimbo kwa sauti ya juu, Bluetooth na skrini vikiwaka: ikashuka hadi 3.38 na ikazima mbele ya macho yangu, kisha mita ikapanda yenyewe kurudi 3.77. Nilishangaa kuiona, ni kama ulivyoandika. Baada ya kujaa na kupumzika saa moja: 4.02.

Betri imeandikwa 503450, 3.7V, 1000mAh, 3.7Wh, na chini kwa herufi ndogo sana kuna 4.2V. Ina nyaya tatu: nyekundu, nyeusi na njano.

Memori kadi ndiyo iliyonistua zaidi. Nilipoitoa, asubuhi nimeikuta pleya 98. Nikairudisha, asubuhi iliyofuata iko 71. Kadi ya muziki inakulaje chaji wakati pleya imezimwa?

Na swali lingine: waya wa njano ni wa nini? Betri ninazoona zinauzwa za ukubwa huu nyingi zina nyaya mbili tu.


MkonoWaFundi

Namba hizi zimetosha, dada. Betri yako imechakaa, na sasa unaibadilisha ukijua kwa nini.

Angalia hesabu. Imeshuka kutoka 3.80 hadi 3.38, yaani volti 0.42. Pleya ya aina hiyo ikiwa na skrini na Bluetooth tukisie inavuta ampea 0.2. Gawa 0.42 kwa 0.2, unapata takriban omu 2. Betri nzima ya ukubwa wako, pamoja na kibodi chake cha ulinzi, huwa chini ya omu 0.2. Hata kama makisio yangu ya ampea yamekosea kwa nusu, bado betri iko mbali sana na afya. Ile 4.02 baada ya saa moja inasema hilo hilo kwa sauti nyingine: betri nzima hubaki karibu na 4.15 au zaidi.

Na mfumo wa chaji ni mzima. Kama ungekuwa umekufa, betri isingefika juu hivyo. Ukitaka uhakika zaidi, vipo vipimo vidogo vya USB vinavyokaa kati ya chaja na waya. Pleya ikiwa na chaji kidogo na imezimwa, utaona mkondo wa ampea 0.4 au 0.5 umetulia kwa muda mrefu, halafu unapungua polepole kadiri betri inavyokaribia 4.2, mpaka unakatika. Ukiona 0.00 tangu mwanzo, chaji haiingii. Ukiona 0.05 isiyopanda kwa saa nzima, chipu ya chaji imekwama kwenye hatua ya kuamsha betri iliyolala. Kwako sidhani utaona hayo.

Kadi sasa. Pleya nyingi, kitufe cha kuzima hakizimi kabisa. Zinalala, ili ziamke haraka. Kadi yenye makosa kwenye mpangilio wa mafaili, au yenye wimbo ambao lebo zake za jina na msanii zimeharibika, inaweza kuifanya pleya ikwame ikisoma orodha ya nyimbo bila kumaliza, na haifiki usingizini. Skrini imezima lakini akili iko kazini usiku kucha. Nakili kila kitu kwenye kompyuta, ufanye fomati ya kadi upya, kisha rudisha nyimbo kidogo kidogo kwa mafungu ili ujue fungu lenye tatizo. Ikiwa kompyuta itakataa kunakili faili fulani, hilo faili liache huko huko. Na ikiwa kadi tupu iliyofanyiwa fomati bado inakula chaji, basi kadi yenyewe ndiyo mbovu.

Waya wa njano ndio ninaotaka uuelewe vizuri kabla hujalipa. Ndani ya betri, upande wa juu, kuna kirizista kinachobadilika kwa joto. Kwa kawaida ni kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, na kinashuka kadiri joto linavyopanda. Pleya inasoma waya huo ili ijue betri ina joto kiasi gani, na ikizidi nyuzi 45 hivi au ikishuka karibu na 0, inasimamisha chaji. Unaweza kukipima mwenyewe: chomoa plagi ya betri, weka mita kwenye omu, gusa nyeusi na njano. Utapata karibu na 10k. Shika betri kwa kiganja kwa muda, namba itateremka.

Ukifunga betri ya nyaya mbili, pini ya tatu inabaki wazi. Pleya inasoma hiyo kama baridi kali au kama hakuna betri, na haichaji. Hapo ndipo watu hurudi wakilia kwamba betri mpya ni mbovu, wakati betri ni nzima na chipu inatii sheria yake. Wapo wanaoziba pengo hilo kwa kulehemu rizista ya kawaida ya kiloomu 10, na chaji inaingia kweli. Mimi nakataa njia hiyo. Umeifumba macho pleya. Hata betri ikipata moto mfukoni mwako, itaambiwa muda wote kwamba ni nyuzi 25. Tafuta ya nyaya tatu, zipo.

Katika kununua, namba 503450 ni vipimo vya mwili: unene milimita 5.0, upana 34, urefu 50. Usizidishe unene hata kidogo, kwa sababu betri hunenepa kidogo ikizeeka na inahitaji nafasi. Uwezo wa mwili huo ni karibu mAh 1000. Ukikuta imeandikwa 2500 au 3000 kwenye mwili huo huo, pita, foili ya ukubwa huo haiwezi kubeba kiasi hicho. Hakikisha pia mpaka wa chaji ni 4.2V kama yako. Zipo betri za 4.35V. Ukiweka ya 4.35 kwenye pleya ya 4.2 utapoteza uwezo kidogo tu, lakini ya 4.2 kwenye chombo kinachochaji hadi 4.35 ni hatari, kwa hiyo linganisha kila mara.

Ikifika, kabla ya kuichomeka pima kwa mita waya upi ni chanya kwenye plagi. Rangi na mpangilio wa pini havifanani kati ya watengenezaji, hata plagi zikiwa pacha kwa umbo. Chanya na hasi zikibadilishana, bodi inaweza kuungua mara moja.

Betri ya zamani itakuwa imegandishwa kwa gundi. Dondoshea spiriti safi ya isopropili pembeni, subiri ilainike, telezesha kadi ya plastiki au uzi mgumu chini yake. Uzi unao tayari, dada. Usiikunje betri.


Zumari

Samahani kwa kuingilia. Nina pleya ya zamani yenye betri ya lithiamu, ilikaa kabatini miaka mingi bila kuchajiwa. Sasa nikichomeka chaja haionyeshi kitu. Nimeambiwa nipeleke umeme moja kwa moja kwenye betri kwa adapta ili "ishtuke". Ni sawa?


MkonoWaFundi

Hapana, usiishtue. Betri ikilala muda mrefu, kibodi chake cha ulinzi huikata volti zikifika kama 2.5 hivi, na mita ukiiweka inaweza kusoma 0 hata kama ndani kuna uhai kidogo. Njia salama ni ya chaja ya pleya yenyewe: ichomeke kwenye tundu pana la USB na uiache nusu saa hadi saa nzima ukiwa karibu nayo. Chipu nyingi za chaja huanza kwa mkondo mdogo, kama sehemu moja ya kumi ya kawaida, mpaka betri ifike karibu volti 3, ndipo hufungulia. Wakati huo skrini inaweza kubaki giza kabisa, kwa hiyo usichomoe na kuchomeka ukidhani haifanyi kazi.

Ikipita saa moja bila dalili, iache. Betri iliyokaa miaka ikiwa chini sana, shaba ya ndani huyeyuka kidogo na kujijenga mahali pasipotakiwa inapochajiwa tena, na inaweza kujigusanisha ndani. Adapta haitibu hilo. Weka betri mpya. Na pleya unayotaka kuihifadhi bila kuitumia, iache na chaji nusu, mahali pasipo joto, uiongeze kila baada ya miezi michache.


Zumari

Nimekuelewa. Adapta nimeirudisha mahali pake.


SindanoNaUzi

Ndugu MkonoWaFundi, betri imefika, 503450 ya nyaya tatu, mAh 1000, 4.2V. Nyeusi na njano zinasoma 10.1k. Lakini nimepima kabla ya kuchomeka kama ulivyosema, na nyekundu na nyeusi ziko kinyume na za zamani kwenye plagi! Ya njano iko katikati zote mbili. Umbo la plagi ni lile lile, ingeingia bila kelele yoyote. Nifanyeje? Sina chombo cha kulehemu.


MkonoWaFundi

Umeiokoa bodi yako. Huhitaji kulehemu. Tazama ubavu wa plagi ya nyaya: kila pini inashikwa na kilimi kidogo cha plastiki. Kinyanyue kwa ncha ya sindano kidogo tu, vuta waya kwa nyuma, pini itatoka nzima. Toa nyekundu kwanza, uifunge pini yake kwa utepe wa kuzuia umeme kabla hujagusa nyeusi. Pini mbili zikiwa wazi kwa wakati mmoja zikagusana, betri inapiga shoti. Kisha ingiza nyeusi mahali palipokuwa nyekundu, nyekundu mahali palipokuwa nyeusi, mpaka usikie kila moja imeshika. Pima tena kwa mita, linganisha na alama ya + na − iliyochapwa kwenye bodi karibu na plagi, ndipo uchomeke.

Chaji ya kwanza ifanye mchana ukiwa hapo hapo, pleya ikiwa juu ya kitu kisichoshika moto, na uiguse mara kwa mara. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto hadi mkono unakataa, chomoa. Ikijaa, itumie kama kawaida, na chaji wakati wowote upendao.

Betri ya zamani, ziba kila pini yake kwa utepe na uipeleke panapopokelewa taka za kielektroniki. Isiingie kwenye taka za nyumbani, gari la taka linakandamiza mzigo wake.


SindanoNaUzi

Nimemaliza. Pini zimekubali kuhama, sindano ya cherehani namba nyembamba imefaa kuinua vilimi. Imechajiwa kwa waya wa A kwa C, ilikuwa vuguvugu tu. Baada ya saa moja ya kupumzika inasoma 4.18. Ikicheza kwa sauti kubwa na skrini ikiwaka, inashuka hadi 4.14 na kubaki hapo. Leo imeshuka hadi asilimia 12 bila kuzima.

Kadi nimeifanyia fomati. Kulikuwa na fungu moja la nyimbo za zamani ambalo kompyuta ilikataa kunakili baadhi yake, nimeliacha nje. Asubuhi nimeikuta pleya 99, kadi ikiwa ndani. Waya wa C kwa C bado kimya, na sasa najua sababu, kwa hiyo waya wa zamani nimeufunga kamba nyekundu usije ukachukuliwa na mtu.

Wengine wenye pleya za vitufe, leteni namba zenu za volti hapa, pleya ikiwa imetulia na ikicheza. Nitapenda kulinganisha.